Moto wa Choo cha Soko

Jumanne moja ya Agosti, katika miaka ile ya wakimbizi, nilikuwa mwaloni Katonga, pale mitumbwi ya samaki inapotua, nikichora kwa chaki, kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa, tangi la kuzalisha gesi ya kupikia kutokana na choo cha soko.

Kuni zilikuwa zimeadimika. Wenyeji na watu wa kambini tulikata msitu uleule, na mama mmoja wa Ujiji, aliyepika ugali na samaki wa migebuka pale mwaloni, alikwishatangaza kwamba mvua zikimkuta hajapata moto mwingine, atafunga kibanda. Ofisi yetu ya mradi ilinituma niwasaidie wapishi kuchagua kati ya gesi hiyo na makaa yanayotengenezwa kwa makapi ya chikichi, mawese yakishakamuliwa.

Nilieleza, kwa ufasaha wote wa chuoni, kwamba tulitafuta teknolojia ya haki na endelevu.

"Endelevu ndiyo nini, mwanangu?" akauliza yule mama.

"Ni kitu kinachoendelea, mama. Hakikomi."

Akakitazama choo, na upepo ulikuwa unatokea hukohuko. "Yaani kitaendelea kunuka?"

Nilisubiri kicheko kipungue, nikasema gesi ikishawaka haina harufu.

"Nimekusikia. Lakini mteja ataniuliza moto umetoka wapi. Nimwambie umetoka kwake?"

"Mimi nilikimbia vita," akadakia Mrundi aliyekaanga dagaa jirani yake. "Sasa wateja wanikimbie mimi?"

Nikaona heri nihamie kwenye haki. Nikachora bomba la gesi. Mstari wa chaki ukaishia kwenye meko yaliyopakana na ofisi ya soko.

"Na mimi wa huku mwisho?" akauliza mama.

"Awamu ya pili, mama."

Akawageukia wenzake. "Mmeelewa sasa? Awamu ya pili ndiyo endelevu yenyewe."

Makaa, kwa upande wake, yangefika kila kibanda kwa kapu. Tuliyajaribu mchana huo kwenye jiko lake. Yalitoa moshi kidogo, mimi nikatokwa na machozi, ugali ukaiva.

Wiki chache baadaye niliiandikia ofisi ya mradi:

"Wapishi wamechagua makaa ya chikichi. Tunaomba mashine ya kushindilia makaa ifike kabla ya mvua, na ianze kuhudumia kibanda cha mwisho. Kuhusu tangi, hawana pingamizi likijengwa kwenye nyumba ya wageni ya ofisi yetu. Wamejitolea kuchangia malighafi."