Mama Atakaa Wapi Kwenye Boti

Mdogo wangu alipotuambia kwamba kicheni pati yake itafanyika kwenye boti, mama aliuliza swali moja tu: hiyo boti ina jiko?

Tulikuwa sebuleni kwa mama, Temeke, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai ili sote wawili tuonekane. Mdogo wangu anafanya kazi hotelini Malta, kisiwa kidogo katika Bahari ya Mediterania, na huko ndiko alikopata mchumba, fundi umeme wa kisiwani hapohapo. Harusi ingefungwa hukohuko. Kibali chake cha kuishi kilikuwa kinashughulikiwa upya, na akiondoka kabla hajakipata asingeruhusiwa kurudi. Kwa hiyo tungemfuata sisi, mimi na mama, kwa wiki moja, likizo ya kwanza ya mama tangu azaliwe. Wenzake wa kazini, Watanzania na Wakenya wachache, walikuwa wamekwisha kukubaliana: watakodi boti mchana kutwa, watatia nanga kwenye ghuba moja tulivu, watakula, watacheza, na bibi harusi atafundwa.

"Afundwe juu ya maji?" mama akasema. "Na hayo maneno yatakaa?"

"Mama, mbona watu wanabatizwa kwenye maji na inakaa?"

Mama akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mtoto kujibu hivyo, na huenda ni kweli. Mdogo wangu nilimbeba mgongoni mimi. Baba, aliyekuwa karani bandarini Kurasini, alifariki mtoto akiwa hajaanza shule, na mama akawa mtu wa kutoka alfajiri na kurudi jioni. Nilimwogesha, nikamsuka, nikampeleka shule ya msingi kwa mkono. Akiumwa hadi leo ananipigia mimi kwanza, ingawa mimi ni mwalimu wa historia na sijui lolote kuhusu homa.

Katika mji huu hakuna jambo linalofanyika bila kamati, kwa hiyo tukaunda kamati. Mama akawa mwenyekiti, mimi katibu, na mjumbe alikuwa mmoja tu, jirani yetu tunayemwita Somo. Ni mke wa mwenye duka la kona, familia ya Kiarabu iliyokuwa inauza unga na mafuta ya taa pale mtaani kabla hata barabara haijatiwa lami. Somo ndiye amewafunda mabinti wote wa mtaa wetu, wa kanisani kwetu na wa msikitini kwake, na hakuwahi kutenganisha. Mimi pia alinifunda yeye.

Mambo mengine yalikwenda vizuri. Kitenge cha sare tulikipata, cha bluu na njano. Zawadi kubwa ilikuwa mbuzi wa kukunia nazi, kwa sababu mdogo wangu alilalamika kwamba huko tui analipata kwenye makopo. Nilikwenda Keko kwa fundi seremala, nikamwambia nataka mbuzi anayekunjika ili aingie kwenye begi. Akacheka mpaka akaweka randa chini. "Sista, mbuzi wako anapanda ndege, sie hata basi la mkoani tunapandaga kwa shida." Lakini alimtengeneza, na alimtengeneza vizuri.

Tatizo lilikuwa Somo. Mumewe alikuwa amepooza upande mmoja na Somo hakuwa mtu wa kumwacha mumewe hata kwa siku moja. Tukapanga afunde kwa simu ya video. Tukafanya majaribio siku moja baada ya chakula cha mchana, Somo akiwa amejitanda kanga mbili kana kwamba mwali yuko mbele yake. Alipotaka kuanza akaitazama simu, akaitazama tena, akaifunika na kiganja.

"Mie siwezi," akasema. "Haya maneno si ya kusemewa chombo. Leo nikisema, kesho niko kwenye magrupu yote ya mjini, wajukuu zangu wananisikiliza."

Sasa nani atafunda? Mdogo wangu, aliyekuwa bado yuko hewani, akajibu kutoka chini ya kiganja cha Somo. "Dada atanifunda."

Mama alikuwa anachagua mchele. Aliokota chuya mbili, akazitupa, akasema, "Mwanamke aliyeachika hamfundi mwali."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekukumbusha kwamba kesho ni Jumapili. Mimi hasira zangu ziko karibu, wanafunzi wangu wanajua. "Sikuachika," nikasema, "niliondoka." Mama akasema ni yaleyale. Nikachukua mkoba wangu na kwenda zangu nyumbani kwangu Kimara bila kula.

Hapa inabidi nieleze. Niliolewa na mtu aliyekuwa akinipiga. Mara ya kwanza nilipokimbilia Temeke, mama alinipikia, akanipaka dawa, akanilaza kwenye kitanda chake, na asubuhi akanisindikiza kurudi kwa mume. Njiani aliniambia ndoa ni kuvumilia. Mara ya pili akafanya vilevile, safari hii na kuku mkononi wa kumtuliza mkwe wake. Mara ya tatu sikwenda Temeke. Nilikwenda Kimara kwa mwalimu mwenzangu, baadaye nikapanga chumba, baadaye vyumba viwili, na nimekaa huko mpaka leo. Mama na mimi hatukuwahi kulizungumzia jambo hilo. Nilikuwa nikimtembelea kila wiki, nikimletea dawa zake za presha na matunda, tukizungumza kuhusu bei ya nyanya na mapadri. Nilimpenda na nilikuwa na uchungu naye kwa wakati mmoja, na nilikuwa nimekwisha kuzoea kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa kwenye kiti kimoja.

Kwa hiyo, mama alipotamka ile kauli huku akichagua mchele, hakuniumiza kwa sababu ya mila. Mila ninaziweza. Aliniumiza kwa sababu nilimlea yule mtoto, na sasa naambiwa kwamba siku yake nitakaa na wageni nikipiga vigelegele wakati mtu mwingine anamwambia yanayomhusu.

Mdogo wangu alipiga simu usiku uleule. "Bila dada hakuna kufundwa," alimwambia mama. "Tutakata keki, tutarudi nchi kavu." Mama akasema sawa, na keki ni chakula.

Wiki iliyofuata nilipita dukani kwa Somo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa soda bila kuuliza kama nataka.

"Nimesikia," akasema. "Ati aliyetoka kwenye ndoa hafundi. Sasa mie nilikufunda mwenyewe kwa kinywa changu, na ndoa yako ikavunjika. Mbona mie sijafukuzwa kazi?"

Nikacheka, kisha nikaanza kulia, maana nina tabia hiyo mbaya. Somo alinipa kitambaa cha kufutia mizani. "Ya usafi unayajua. Ya jikoni unayajua. Ya chumbani utajikaza, mtu mzima wewe. Ila usimdanganye mtoto, mwanangu. Sie wengine tuliwadanganya nyie." Akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akavuka barabara kwenda kwa mama. Walijifungia chumbani. Nilibaki uani nikisikia sauti zao bila kusikia maneno. Walipotoka, macho ya mama yalikuwa mekundu.

"Haya, utamfunda," akaniambia. "Ila mie nisisikie. Mama mzazi hakai kwenye mafunda ya mwanawe, hilo usilipindue."

Na ni kweli, kwetu mama mzazi hutoka. Siku yangu mimi mama alikaa uani akikaanga maandazi ambayo hakuna aliyeyaomba, mpaka nilipomaliza kufundwa. Lakini kwenye boti atatoka aende wapi?

Kamati ilishughulika na swali hilo kuliko suala la viza. Mdogo wangu alituma picha ya boti. Mama aliikuza kwa vidole viwili, akaitembelea yote kipande kwa kipande. Chini kulikuwa na kijichumba, lakini huko angetapika. Juu kulikuwa na mabenchi nyuma, na mbele kiti kirefu cha nahodha, chenye nafasi pembeni.

"Nikae na mwanaume nisiyemjua?"

"Ni nahodha, mama. Yuko kazini."

"Na yeye atasikia mafunda!"

"Hajui Kiswahili!"

"Maneno mengine," mama akasema, "hayahitaji Kiswahili."

Ikabidi tufanye mazoezi. Nilipanga viti vya plastiki barazani kwa kufuata picha: sita nyuma kwa wageni, mkeka kwa mwali, kiti kimoja mbele kabisa kikiangalia ukuta. Mama akakaa hapo, mkoba mapajani, mgongo kwetu. Somo alikuja kutazama na akakubali kuwa mwali. Nikasimama nyuma nikaanza kwa sauti ya chini, juu ya mapishi, kwamba maharage unayaweka na chumvi yake tangu mwanzo.

"Chumvi mwishoni!" mama akafoka kutoka mbele. "Ukiitia mwanzo hayaivi!"

Somo alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Kumbe mama alikuwa anasikia kila kitu. Hatimaye mdogo wangu ndiye aliyetupatia suluhisho: mafunda yafanyike boti ikiwa inakwenda. Injini ikinguruma, mtu wa mbele hasikii hata akiitwa jina. Mama aliridhika, akamwambia aulize tena kama injini hiyo ina kelele za kutosha. Sidhani kama nahodha huyo aliwahi kuulizwa swali la aina hiyo na mteja.

Tukaenda. Sitaeleza ndege, wala namna mama alivyowasalimia watu wa uhamiaji mmoja mmoja. Siku ya boti jua lilikuwa kali na maji yalikuwa ya bluu ambayo mama hakuiamini. Tulivaa kitenge cha sare na juu yake laifu jaketi za kujiokolea za rangi ya chungwa, na mama alikataa kuvua yake hata nchi kavu. Wenzake mdogo wangu walinipokea kwa heshima iliyonitia aibu; kila mmoja alinipa shikamoo, hata aliyenizidi umri. Tukamketisha mwali kwenye mkeka, tukamfunika kanga, wawili wakaishika ncha ili upepo usiichukue. Mama alikwenda mbele kwa hiari yake, akakaa pembeni ya nahodha, akatugeuzia mgongo. Injini ikawaka, na kwa kweli ilikuwa na kelele za kutosha.

Nikaanza. Nilipiga makelele kama niko paredi shuleni. Nikapita kwenye usafi, nikapita jikoni, chumvi nikaiweka mwishoni. Ya chumbani niliyasema nikiwa nimefumba macho, wageni wakipiga vigelegele, na mdogo wangu akitetemeka kwa kicheko chini ya kanga. Kisha nikafika pale nilipotaka kufika, na nikapaza sauti zaidi. Nilimwambia, wengine watakwambia uvumilie, mimi sitakwambia hivyo. Mtu akikuinulia mkono, usingoje wa pili. Na siku ukichoka...

Nahodha akazima injini. Tulikuwa tumefika ghubani.

"...urudi nyumbani kwa mama!"

Ilikwenda ile sauti mpaka kwenye miamba, ikarudi. Maji yalikuwa yanapiga ubavu wa boti taratibu, na kila mtu alikuwa anauangalia mgongo wa mama. Mimi nilitamani kujitosa. Nilikuwa nimemwahidi mtoto mlango ambao mimi mwenyewe niliugonga mara mbili nikarudishwa, na nilikuwa nimeuahidi mbele ya mwenye nyumba.

Mama hakugeuka. Mila haikumruhusu kugeuka. Alishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, akasema kuelekea baharini, kwa sauti yake ileile ya kusalimia majirani:

"Arudi. Na dada yake nilimrudisha, nilikosea. Niliposikia ametoka tena nilimtandikia kitanda, nikamngoja, hakuja. Nikadhani amenielewa vibaya, kumbe amenielewa vizuri. Simrudishi mtu tena mie. Mwambie hivyo huyo mwali."

Mdogo wangu akaitoa kanga kichwani, akanitazama, akingoja nimwambie, maana ndivyo inavyotakiwa, maneno ya mama hupita kwa anayefunda. Nikajaribu. "Mama anasema," nikaanza, na sikuweza kuendelea. Nikakaa kwenye benchi, laifu jaketi ikanipanda mpaka kidevuni, nikalia mbele ya wageni wote, na mama akawa anamwuliza nahodha kwa Kiswahili kama hana maji ya kunywa, mwanawe apewe.