Kozi ya Sheria Ndani ya Simu

Mwaka wangu wa kwanza wa sheria, pale Bunia, niliketi jirani na binti asiyeona. Surua ilimpofusha tangu utotoni. Vita viliporudi eneo la Djugu alikimbia kutoka kijijini Kpandroma pamoja na shangazi yake, na sasa waliishi hapo Bunia, mtaa wa Rwambuzi, katika chumba kimoja. Wenzake tulinunua kitabu cha kozi. Yeye hakuwa na la kukifanyia.

"Weye unisomee kidogo," aliniomba.

Nilimsomea kila siku baada ya darasa, mpaka milio ya bunduki ikaanza kusikika kando ya mji, na mama akanikataza kuchelewa njiani. Basi nikawa nasomea nyumbani, mtaa wa Saio, simu ikirekodi, kisha namtumia sauti.

Kwetu hakukuwa na utulivu. Kuku waliingia kwenye katiba, mbuzi wa jirani kwenye sheria ya ndoa. Siku moja, katikati ya masharti ya mkataba, mama alipaza sauti kutoka jikoni kuhusu makaa ya kupikia: "Makala imeisha! Nani ataenda kununua?" Nilikuwa nimechoka, nikaituma hivyo hivyo.

Mtihani wa mdomo ulipofika, profesa wetu, muzee mkali, alimwuliza yule binti, sasa rafiki yangu, masharti hayohayo. Mimi nilikuwa mlangoni nikisubiri zamu.

"La kwanza, ridhaa. La pili, uwezo. La tatu..." Akasita, akatabasamu. "Profesa, hapa ndipo makala iliisha."

"Makala gani?"

Akaeleza yote, na sharti la tatu akalitaja. Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniita, akataka kusikia. Nikaiwasha ile sauti huku uso ukiniwaka.

"Unasoma mbio sana," akasema. "Hii kozi iko yangu. Nitaisoma miye mwenyewe."

Na kweli alirekodi. Rafiki yangu akazituma sauti hizo hadi Kpandroma, kwa wanafunzi wenzetu waliokwama huko barabara ilipofungwa. Mmoja, mama wa mtoto mchanga, alijibu kwamba anasikiliza akipalilia maharage, ila profesa apunguze mwendo. Mimi nisingethubutu kumwambia. Rafiki yangu alimwambia siku hiyohiyo. Profesa alinung'unika, akarekodi upya.

Maswali yao yalipozidi, rafiki yangu akawa anayajibu mwenyewe kwa sauti kila jioni, kwa maneno mepesi kuliko ya kitabu. Hata sisi tunaoona tulianza kumsikiliza.

Barabara ilipofunguka, wanafunzi wa Kpandroma walishuka Bunia kwa mtihani wa mwisho wa mwaka. Si wote, wengine walikuwa wamekimbilia mbali zaidi. Yule mama alitupita kwenye geti, mtoto mgongoni, bila kutuangalia. Rafiki yangu akawa anasalimiana na mtu. Mama akageuka ghafla.

"Ni weye! Hii sauti naijua!" Akamkumbatia, mtoto akabanwa katikati. "Huyu mutoto hawezi kulala kama hajasikia sheria yako."

"Basi aingie naye kwenye mutihani," akajibu rafiki yangu, na sote tukaingia tukicheka.