Fundi Asiyeharakishwa

Mama Kindness, mfanya usafi, alisingiziwa mbele ya ofisi nzima kwamba deki yake ndiyo inayokata mtandao. Meneja alisema mama ambaye hajasoma anagongagonga nyaya, akamtoa ndani akafagie uwanja. Ndipo alipoletwa fundi wa mtandao, na Mama Kindness akawa anamfuatilia kupitia dirisha. Fundi hakugusa nyaya. Alikaa mbele ya kompyuta inayolinda mtandao, akafuta vidole kwenye suruali, akabonyeza taratibu kama anayechambua mchele. Alibadilisha mpangilio mmoja, akaweka mikono mapajani, akatazama, ndipo akagusa mwingine. Kila mara vivyo hivyo. Meneja alipomharakisha, alijibu kwa sauti ya chini, "Nikibadilisha miwili kwa pamoja, bosi, sitajua upi umetuponya."

Mwishowe akaeleza kwamba kompyuta ile ilipangiwa kupitisha mawasiliano machache. Ofisi ilipoongeza watu ikajaa, ikawa inayakataa mengine. Akaipanulia nafasi. Kisha akageukia dirisha.

"Shikamoo mama. Njoo udeki hapa."

"Marahaba. Humo nilifukuzwa."

"Leo nakuita mimi."

Akaingia, akadeki. Maji yalizunguka viatu vya fundi naye hakuinua mguu, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta, na mtandao ukaenda bila kukwama. "Deki haina kosa," akasema, akiwatazama wote.

Meneja alikohoa, akausifu mtandao kwa kasi yake. Lakini lile neno la kumsingizia mama alilisema hadharani, na hadharani ndiko anakotakiwa kulifuta. Mpaka leo hajalifuta, na Mama Kindness bado anadai lifutwe.