Ruhusa Iliyokaa Mkiani

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ndogo ya uchapishaji pale Ng'ambo, Mhariri Mkuu alinipa kalamu nyekundu na prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kitabu kuchapwa, nitafute makosa. Nilikuwa binti mwenye majivuno. Nikayapata yote, nikadhani uhariri ndio huo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa Mhariri Mwandamizi, nilikabidhiwa kitabu cha ufugaji nyuki cha mzee mmoja wa Ulyankulu. Alitaka leseni huria: hakimiliki ibaki yake, ila kila mtu aweze kukinakili na kukitafsiri, mradi amtaje na asikiuze. Mazoea yana tabu. Nilianza na "Haki zote zimehifadhiwa", nikashusha makatazo mistari minne, na ruhusa ya mzee nikaibandika mkiani, baada ya "isipokuwa". Nikajiona mwanasheria.

Msimu wa kurina asali ulipokaribia, akaingia mwalimu mmoja kutoka Ziba na kiroba. Alikuwa amekitafsiri kitabu kwa Kisukuma na kuwagawia wafugaji wa kijijini kwake fotokopi. Kisha akaanza kusoma ukurasa wangu wa hakimiliki, akaogopa, akapita nyumba kwa nyumba kuzikusanya. Alidhani atafungwa na kazi itaota mbawa.

"Shikamoo mama," alisema. "Nimezirudisha zote. Naomba yaishe hapa hapa."

Nikaitikia, nikamsomea ile sentensi mpaka mwisho. Akakichukua kitabu, akaisoma mwenyewe mara mbili, kisha akaketi na kucheka huku machozi yakimtoka. Mimi niliona aibu. Mhariri Mkuu, yule yule wa siku ya kwanza, alikuwa mlangoni akisikiliza.

"Anza na alichotaka mzee," akaniambia. "Masharti yafuate."

Nikaandika pale pale: "Unaruhusiwa kunakili, kutafsiri na kugawa kitabu hiki bure. Mtaje mwandishi. Usikiuze." Mzee aliafiki, na toleo la pili likatoka hivyo. Mwalimu alikuwa amekwisha kuondoka na kiroba chake, na moyo wangu ulikuwa umetua.

Sasa nimestaafu. Wahariri vijana, msomaji akishikwa na hofu haendelei kusoma, kwa hiyo msimfichie jambo jema nyuma ya makatazo. Mwaka huu nilikwenda Ziba, mfugaji nyuki mmoja akanipa nakala iliyofifia. Nikamtania kama haogopi mahakama. Akafungua ukurasa, akanisomea sentensi yangu polepole, kidole juu ya mstari.

"Umesikia, bibi?" akasema. "Chukua tu, ukawape na wenzako."

Nikaifunga kwenye kanga, nikamshukuru kwa ruhusa.