Alichokiona Mwosha

Twahiru alianguka kutoka paa la nyumba ya tajiri mmoja kule Kiriri saa tatu asubuhi, na kabla ya alasiri alikuwa ameshazikwa. Ndivyo Waislamu wa Buyenzi, mtaani kwake, wanavyozika: maiti hacheleweshwi. Hospitali hakupitishwa, maana wa kutibiwa hakuwapo tena. Mkewe Sijaona alimshukuru Mungu kwamba mumewe hakulazwa kwenye jokofu la watu. Shukrani hiyo ilikuja kumtokea puani.

Kampuni iliyomwajiri Twahiru kuchomelea vyuma iliwakatia mafundi wake bima ya ajali. Miezi miwili baada ya mazishi ikaja barua ya bima: ombi la fidia limekataliwa. Karatasi ya daktari hakuna, na fundi alikuwa peke yake juu ya paa. Nani ajuaye kama moyo haukusimama kwanza, ndipo akaanguka? Barua ilikuwa ya Kifaransa safi, yenye salamu za heshima mwishoni. Hata kutukanwa siku hizi kuna adabu zake.

Sijaona alijitanda mtandio akaenda ofisi ya bima. Karani mmoja, Médiatrice, mwenye huruma kuliko kiti alichokikalia, alifunga mlango akamwambia:

"Mama, usikubali ivi ivi. Andika recours, barua ya kupinga, uko na siku makumi tatu. Tafuta mutu aliona mwili, aandike vile mbavu zilivunjika, aweke sahihi. Ila kama alikuwa amekunywa pombe, wacha tu. Mulevi hawamulipi."

Sijaona karibu acheke. Twahiru, mtu wa safu ya kwanza msikitini!

Mtu aliyemshika maiti kwa mikono yake alikuwa mmoja, Mzee Ilias, mwosha wa mtaa kwa miaka thelathini. Mara ya kwanza Sijaona alipomwendea, alitikisa kichwa. Mara ya pili alisema mwosha hatangazi aliyoyaona. Mara ya tatu zilikuwa zimebaki siku mbili tu, na uvumilivu ukamwisha Sijaona.

"Mzee, mwenye nyumba anataka tutoke. Mutoto wangu Asiya wamemufukuza ku masomo, sina karo. Mficha uchi hazai! Unaficha kwa faida ya nani?"

Mzee Ilias alitazama viganja vyake.

"Mbavu zilivunjika, binti yangu. Na shingo. Hiyo mi naweza kuandika hata sasa."

"Basi andika!"

"Nikiandika nitaapa, na nikiapa nitasema yote. Nusu siapi." Akashusha sauti. "Nilipomukamua tumbo, ile ilitoka mukinywa ilikuwa pombe. Pombe nyingi. Sikuambia mutu, hata imamu."

Sijaona alikaa chini pale pale mlangoni. Akazikumbuka peremende za mnanaa alizokuwa Twahiru akizitafuna kila jioni akirudi kazini, na yeye mwenyewe akimtania kwamba ana meno ya mtoto. Alimchukia mumewe kwa chuki ambayo hakuwahi kuijua alipokuwa hai, na papo hapo akamhurumia, kule juu ya bati la moto, peke yake na chupa yake.

"Niandike?" akauliza mzee.

"Apana."

Siku mbili zikapita. Asiya alipouliza, mama yake akamjibu, "Mzee Ilias amekataa kuandika." Hakusema zaidi, na mtaa haukuhitaji zaidi. Wanaume wakaacha kumwamkia mzee. Alipofariki mama wa fundi cherehani wa jirani, mkewe Ilias, aliyekuwa akiosha wanawake, hakuitwa. Waosha wakaletwa kutoka mtaa mwingine.

Ijumaa moja Mzee Ilias alipita mbele ya wanawake waliokuwa wakimenya mihogo barazani. Akawasalimu. Hakuna aliyeitika. Alipokwenda kama hatua kumi, mmoja akasema kwa sauti ili asikie, "Roho ya jiwe! Amenyima yatima haki yao."

"Mungu atamulipa," wakaitikia wenzake.

Sijaona alikuwa katikati yao. Aliinamia muhogo wake, akaitikia pamoja nao.