Magari Matano ya Nguba

Nilikwenda Bukavu kwa sababu ya mtoto ambaye hakufika kupewa jina. Wakati huo nilikuwa muuguzi katika zahanati moja hapa kwetu Uvira. Tulikuwa tunamkimbiza mama yake hospitali kwa gari letu la pekee, gari kuukuu lenye mgongo mrefu, na katikati ya mashamba ya pamba injini ikakohoa mara tatu, ikazimika. Dereva alipiga stata hadi betri ikaisha. Mama tulimwokoa palepale kando ya barabara. Mtoto hakulia.

Wiki iliyofuata fundi pekee aliyelijua gari lile alihamia Bujumbura, na dereva akasema mbele ya watu wote kwamba hatalishika tena, lina mkosi. Lakini mimi nilikuwa nimeisikia ile injini, na kwa kazi yangu najua kikohozi huwa na chanzo. Nikamwandikia yule fundi. Akanijibu kwa mistari miwili: ugonjwa uko kwenye kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini, na kama nataka kujifunza, niende Bukavu, mtaa wa Nguba, kwa mwalimu wake, Papa Bisimwa. Nikaomba likizo ya siku kumi. Nikaifungua kabureta kwa spana ya kuazima, nikaifunga ndani ya kitenge.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa juu ya lori la mpunga, nimekaa kwenye magunia, mzigo wangu mapajani. Tambarare ya Ruzizi ilipita upande wa kulia, joto likapanda kabla hata hatujafika Luvungi.

Kamanyola kulikuwa na kizuizi cha askari. Mmoja alinyoosha kidole kwenye kitenge.

“Citoyen, fungula. Ni nini iyo?”

“Kabureta, chef. Naipeleka Bukavu, nikajifunze kuirekebisha.”

Aliigeuza mkononi, akainusa, akawaita wenzake. “Muone, huyu anapeleka chuma ku masomo!” Walicheka sana, wakatuachia njia.

Baada ya hapo tulianza kupanda Ngomo, na kicheko kikaisha kwa kila mtu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Upande mmoja kulikuwa na ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili hakukuwa na kitu, weupe tu. Dereva alipiga honi kila kona, na kila mara honi ilirudi kutoka ng'ambo ya bonde ikiwa imechelewa kidogo, nzito kuliko ilivyokwenda, hata abiria mmoja akasema kuna lori jingine linashuka. Tulisimama kulisubiri. Halikuja. Tukaendelea.

Nyangezi tulishuka kunyoosha miguu. Baridi ilikuwa imeingia kwenye mifupa. Nilimuuliza dereva kwa nini lori lilikuwa linatoa moshi mweusi tangu mlimani.

“Huku juu hewa iko kidogo,” alisema. “Mutuka inakunywa mafuta ile ile ya Uvira, lakini hewa ya kuichoma haitoshi. Njo inatapika.”

Saa tisa alasiri niliingia Bukavu, na nikateremka kwa miguu hadi Nguba. Nyumba ilikuwa karibu na ziwa, moja ya zile nyumba kubwa ambazo wenyewe waliondoka wakaacha mapazia madirishani. Aliyenifungulia alikuwa Furaha, binti wa Papa Bisimwa, mwanamke wa miaka thelathini hivi, karani wa ofisi moja mjini. Alinipa chai na viazi vitamu, akaniuliza habari za njia. Kisha akasema, akiniita daktari ingawa nilikuwa nimemwambia ni muuguzi, bila kunitazama:

“Docteur, papa atakufundisha muzuri. Lakini ule mulango wa garage, mimi siingiaka mule. Usiniite mule.”

Papa Bisimwa alikuwa mzee mwembamba, koti la bluu limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Alikifungua kitenge, akatazama kabureta yangu muda mrefu, akapuliza kitundu kimoja, akatikisa kichwa kama daktari anayesoma cheti cha mgonjwa. Kisha akanipeleka garage.

Ilikuwa ndefu na yenye giza, haina dirisha, ina mlango mmoja mpana wa mbao upande wa ziwa. Ndani yake kulikuwa na magari matano yaliyofunikwa shuka. Aliyafunua moja baada ya jingine na kunitajia wenyewe, kana kwamba ananijulisha kwa watu: hili la daktari wa meno, hili la mwenye duka la vitambaa, hili la mwalimu wa muziki, hili la mjane mmoja aliyekuwa na mbwa wawili. Wote walikuwa wageni, wote walimwachia funguo walipoondoka nchini, wakasema watarudi. Miaka ilikuwa imepita. Kila Ijumaa mchana aliyawasha yote, yasije yakafa.

“Na lile jeusi?” nikauliza. Lilikuwa la mwisho, karibu na ukuta.

“Lile lilikuwa la patron yangu. Sasa iko langu.” Akashusha shuka yake haraka. “Kitu moja, docteur. Usiguse bioo. Kila kioo kimewekwa ku macho ya mwenyewe.”

Siku nne za kwanza tulifanyia kazi nje, chini ya kibaraza, kwenye taksi za watu. Alinifundisha kufungua kabureta na kuiosha kwa petroli, kuzibua vile vitundu vidogo kwa unywele wa brashi, kamwe si kwa waya. Alinifundisha kusoma buji, zile plagi zinazotoa cheche: ikiwa nyeusi kama sufuria, injini inakunywa mafuta kupita kiasi, ikiwa nyeupe, ina njaa, ikiwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa, imeshiba sawasawa. Halafu skrubu ya mafuta.

“Funga polepole mupaka aanze kujikwaa,” alisema. “Sasa fungula mupaka aanze kurukaruka. Katikati ya ile mbili, kuna mahali anapumua. Hapana tumia macho. Sikia.”

Alinipa kipande cha mpira wa maji nikiweke sikioni, mwisho mwingine karibu na kabureta. Mara ya kwanza sikusikia chochote ila upepo. Siku ya tatu nilisikia. Injini iliyokuwa inatetemeka iliacha kutetemeka chini ya vidole vyangu, kama mgonjwa ambaye homa imemwachia, na mwenye taksi akadhani tumeizima. Papa Bisimwa alisema “Voilà” moja tu. Usiku huo nililala nikitabasamu.

Ijumaa mvua ilianza saa saba. Ilikuja kutoka ziwani, ikapiga moja kwa moja kwenye ule mlango wa mbao, na mzee akaufunga kwa komeo. Aliwasha taa moja. Akafunua magari, akayawasha: la kwanza, la pili, hadi la tano.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Magari matano yalikuwa yananguruma taratibu kwa sauti moja, usukani hauna mikono, viti vimebonyea kwa uzito wa watu wasiokuwepo, na vioo vitano vinatazama mahali ambapo nyuso zilikuwa. Nilipita kati yao na mpira wangu sikioni. Manne yalipumua vizuri ajabu. Baada ya dakika kumi hivi aliyazima hayo manne.

Lile jeusi aliliacha. Lilikuwa linaunguruma vibaya, sauti nzito yenye mafuta mengi, na macho yakaanza kuniwasha.

“Papa, hili linakunywa kupita kiasi. Nilifunge kidogo?”

“Usiguse.”

Hakuwa amewahi kunisemesha hivyo. Alivuta kigoda, akakaa karibu na mlango wa nyuma wa gari lile, akaanza kuongea Mashi, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini. Mimi ni mtu wa Uvira, Mashi sikuielewa, lakini nilielewa kwamba aliongea, akanyamaza, akajibu. Kichwa kilikuwa kimeanza kunigonga. Nilitazama kwenye kile kioo kidogo cha dereva cha kuonea nyuma. Alikuwepo mwanamke kwenye kiti cha nyuma, kitambaa cha kijani kichwani, ameinama. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi mapajani, vidole vinamenya kitu, vinamenya na kutupa. Sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo, kwamba sikuogopa. Niliona ni jambo la kawaida kabisa, na nikataka kukaa chini nipumzike, nimngojee amalize.

Nilikaa. Halafu, sijui kwa nini, nikawakumbuka wale watu wa familia moja tuliowakuta msimu wa mvua, baba, mama na shangazi, wamekufa usingizini katika chumba kilichofungwa, mbabula, jiko la makaa, ikiwa katikati, midomo yao myekundu kama ya watu wenye afya njema. Nikageuza kichwa. Midomo ya Papa Bisimwa ilikuwa myekundu vile vile, na sasa alikuwa ameegemea gari, haongei tena.

Nilitambaa. Sikuweza kusimama. Komeo nililisukuma kwa bega, mlango ukafunguka, mvua ikanipiga usoni kama kofi. Nilivuta hewa mara nne au tano, nikarudi ndani, nikazima gari, nikamshika mzee chini ya makwapa, nikamburuta hadi kwenye majani. Nilimwita Furaha kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Alikuja mbio bila viatu. Tulimgeuza ubavu, akatapika, akafungua macho.

Neno lake la kwanza lilikuwa: “Umemufukuza.”

Jioni, alipoweza kukaa, nilimweleza. Nilimwambia ule moshi una sumu isiyo na harufu, inayoingia kwenye damu na kumlaza mtu kabla haijamwua, na akili ikilala inaona mambo. Nilisema gari linalokunywa kupita kiasi ndilo linaloitoa kwa wingi. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

“Docteur, unafikiri mimi sijue moshi? Kazi hii nimeizeekea.” Aliinamisha kichwa. “Mwaka maman Furaha alikufa, siku moja mvua ilinyesha, nikafunga mulango. Mutuka ilikuwa haijatengenezwa. Nikamuona. Zile zingine zote nilitengeneza. Ile moja niliacha ikunywe.”

Furaha alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Aliiweka chini.

“Papa, ulijua itakuua?”

Mzee aliitazama ile sahani.

“Na mimi? Mimi ningebaki na nani mu hii nyumba?”

Mzee alimnyooshea mikono, na Furaha akaishika. Nilitoka nje nikawaacha.

Baadaye, tukiosha vyombo, nilimuuliza Furaha kama mama yake alipenda kukaa kwenye gari lile.

“Alikuwa anaikalaka ku kiti ya nyuma, papa akiwa ku kazi. Ju ya baridi. Anamenya maharagi mule.” Aliniangalia. “Ni nani alikuambia?”

Sikuwa nimeambiwa na mtu. Sumu naweza kuieleza, hilo sijaweza.

Jumamosi asubuhi anga lilikuwa safi, na ziwa limetulia. Papa Bisimwa alifungua mlango wa garage mwenyewe, akatia jiwe chini yake usijifunge, akanipa bisibisi.

“Ile nyeusi. Njo mutihani yako.”

Tulilisukuma hadi nje. Akaliwasha, akasimama kando akinipa mgongo. Niliacha injini ipate joto, nikaweka mpira sikioni, nikaanza kufunga skrubu, kidogo, kidogo tena. Moshi ukawa wa kijivu, ukawa mwembamba, ukapotea. Ilipojikwaa nilirudisha nusu mzunguko. Safari hii niliogopa, maana nilijua ninachokifanya kwa mtu huyu. Kisha nikapasikia pale mahali. Gari lilipumua.

Mzee aligeuka, akasikiliza. “Ni vile,” alisema hatimaye. Alizunguka, akafungua mlango wa nyuma, akaketi kwenye kile kiti, mikono magotini, akasubiri. Injini ilikuwa tulivu kiasi kwamba tulisikia ndege wa ziwani. Alitazama upande wake, mahali patupu. Machozi yalimtoka bila sauti.

Furaha alikuwa amesimama kwenye ngazi za nyumba. Aliteremka, akavuka majani, akaingia upande wa pili, akakaa karibu na baba yake. Nilikwenda kuosha mikono, nikaiosha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Jumapili baada ya misa niliondoka. Papa Bisimwa alinirudishia kabureta yangu imesafishwa, akanionya kwamba nikifika chini nifungue skrubu zaidi kidogo, kwa maana hewa ya Uvira ni nzito na itataka mafuta yake. Ngomo tuliishuka juani. Niliona bonde lote, na mto, na barabara tuliyoipanda tukiwa vipofu.

Gari la zahanati linakwenda. Kila ninapofika Nguba namkuta mzee kibarazani na taksi za watu. Magari matano bado anayawasha, mlango wazi, na Furaha huleta chai hadi humo ndani.

Nilidhani nilikwenda kujifunza injini, na nilijifunza. Lakini kazi yangu ni wagonjwa, na msimu wa mvua wanakuja baadhi yao, wengi ni wajane, wakinong'ona kwamba marehemu amekuwa akiingia chumbani, akiketi, akiongea. Zamani niliwacheka moyoni nikawapa vidonge vya usingizi. Siku hizi naomba nipelekwe nyumbani kwao. Kwanza nafungua dirisha, natoa mbabula nje. Kisha navuta kiti, nakaa, namuuliza mgonjwa marehemu alisema nini, nami namsikiliza mpaka amalize.