Wimbo wa Ghorofa ya Kumi na Moja

Mwezi uliopita nilirudi Flemingdon Park, mtaa wetu wa wahamiaji huku ughaibuni, kwenye ukumbi ule ule wa jumuiya nilikokulia, kusikiliza kile walichokiita mchana wa nyimbo za kale. Sikuwa na hamu. Binamu yangu alinipigia simu mara tatu, na mara ya tatu nikaona haya kukataa. Nikapewa karatasi ya ratiba mlangoni, nikaenda kuketi nyuma karibu na birika la chai, mahali pa watu wanaopanga kuondoka mapema. Wimbo wa nne kwenye karatasi ulikuwa umeandikwa hivi: wimbo wa kale wa pwani, mtunzi hajulikani. Maneno yake yalikuwa chini, ili tuimbe pamoja. Nikasoma mstari wa kwanza, chai ikanipalia.

Mtunzi anajulikana, rafiki yangu. Ni bibi yangu, mzaa mama. Aliutunga kwenye chumba cha kufulia nguo, chini kabisa ya jengo letu, dakika tano kwa miguu kutoka ukumbini hapo, Jumatano moja ya baridi kali. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na boksi la sabuni nilikuwa nimelishika mimi.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku yetu ya kufua. Nikitoka shule namkuta bibi keshavaa koti la babu juu ya kanga mbili, kikapu cha nguo kiko mlangoni, na chupa ya chai ya tangawizi kwapani. Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha la maana, ila kipande cha kioo juu ukutani kilichoonyesha viatu vya wapita njia na theluji. Lakini kulikuwa na joto! Mashine za kukaushia zilinguruma, vishikizo vya mashati vikigonga chuma ndani yake, tak-tak, tak-tak, na harufu ya sabuni ikichanganyika na tangawizi. Wanawake wa jengo zima walikuwa wakingoja pale, waliotoka Mombasa, Unguja, Bujumbura, kila mmoja na malalamiko yake kuhusu baridi. Mimi nilifanya kazi zangu za shule juu ya mashine iliyoharibika. Hadi leo nikisikia kikaushio kinagonga, natamani andazi.

Bibi alikuwa mwimbaji. Kwao Tanga aliimba lelemama, ngoma ya wanawake, na mtaani kwao kulikuwa na vikundi viwili vilivyochukiana kwa mapenzi makubwa. Kila juma lazima utoke wimbo mpya wa kuwasema wa upande wa pili: nani kaunguza pilau siku ya harusi, nani kajitia mgonjwa ili asiende kumzika wifi yake. Kurudia wimbo wa juma lililopita ilikuwa aibu, kama kumpa mgeni kiporo. Alinisimulia haya akicheka peke yake, huku akikunja shuka.

Na jirani yetu wa mlango wa pili, mzee mmoja wa Trinidad, alikuwa mtu wa namna hiyo hiyo. Alikuja kufua na kofia kichwani na gita dogo la nyuzi nne begani. Ujanani mwake alikuwa akiimba kalipso, nyimbo za kwao visiwani, na kwake kalipso ilikuwa habari. Kama wimbo haukuambii jambo lililotokea, alisema, huo ni kelele za kuchezea tu. Nyimbo za vijana wa kwao alizichukia, maneno mawili yanarudiwa mpaka watu wanatoka jasho. Siku moja alileta mkate wa nazi aliouoka mwenyewe. Bibi akaumega, akaunusa, akautafuna kwa macho yaliyofumbwa, kisha akaniambia, “Muulize huyu, kwao ni Pangani sehemu gani?” Nikatafsiri. Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Bibi hakujua Kiingereza zaidi ya kusalimia, na mzee hakujua Kiswahili hata kidogo. Mkalimani wao nilikuwa mimi.

Basi majira yale lifti iliharibika, ikakaa majuma mengi bila kutengenezwa, na msimamizi wa jengo akawa kila siku anasema kesho. Jumatano hiyo bibi alikuwa ameshapanda na kushuka mara mbili. Akajibwaga kwenye benchi, akavuta ndoo ya mopu, akaigeuza, akaanza kuipiga kufuata mdundo wa kikaushio. Akaimba:

Nimepanda, nimepanda, ghorofa kumi na moja,
kikapu kichwani kwangu, goti lanambia ngoja.

Wanawake wakapokea palepale. Mzee akaniuliza anasema nini, nikamweleza, na kabla sijamaliza vidole vyake vimeshaingia kwenye nyuzi. Akajibu kwa ubeti wake wa Kiingereza, kwamba msimamizi wetu ni mtu wa dini sana, ndiyo maana anataka sote tukaribie mbinguni kwa miguu. Nikautafsiri. Bibi alicheka akashikilia ukuta. Akatoa ubeti wa pili, mzee akajibu, nami katikati natafsiri mbio mbio, nimesahau hesabu zangu na nguo zetu zimelala ndani ya maji. Nilikuwa na furaha, jamani. Nasema hivi wazi kwa sababu sikuwahi kumwambia bibi.

Jumamosi zilikuwa za mwalimu.

Sitaki kumsema vibaya marehemu. Siku za kazi alikuwa karani wa ofisi mjini, na Jumamosi alitufundisha watoto nyimbo za taarabu ukumbini, bila malipo. Alipohama kwao alibeba fidla yake mapajani safari nzima, na nyimbo za zamani zilimliza mbele yetu bila kuona haya. “Nchi tumeiacha,” alikuwa akisema, “wimbo tusiuache.” Kwake wimbo haukubadilishwa hata neno, hata pumzi. Tulikaa wima, mikono mapajani, hakuna kutikisa bega. Na ilikuwapo kanuni moja ya darasa: yeyote atakayesikia kosa anyooshe mkono, sote tunyamaze, aliyekosea asahihishwe na wimbo uanze upya. Wengi wetu tulikuwa watoto wa kujibu kwa Kiingereza, tukisemeshwa Kiswahili tunaona aibu. Lakini mimi masikio yangu yalikuwa mazuri. Nilinyoosha mkono kuliko wote. Mwalimu aliniita hazina, na neno hilo lilinilevya. Nyumbani nikaanza kumsahihisha bibi akiimba jikoni. Yeye alikuwa akicheka tu, “Haya, bibi yangu wewe, nifundishe.”

Kisha ikaja Idi. Ukumbi ulijaa, biriani limefunikwa kwenye masufuria makubwa, watoto tumevalishwa nguo za kuwasha shingo. Tulipomaliza kuimba, wanawake wa chumba cha kufulia wakaanza kumwita bibi kwa vigelegele. Akapanda jukwaani na ndoo yake. Ndiyo, aliitoa kule chini akaja nayo, na mzee wa Trinidad nyuma yake na gita, amevaa suti ya rangi ya samli. Akaanza na wimbo wa mapenzi ambao mwalimu alitufundisha miezi mitatu. Ila aliuimba kwa mwendo wake, haraka, mabega yakicheza, na ubeti wa pili akaingiza lifti na msimamizi. Watu wakaanguka kwa kicheko. Mimi nilikuwa bado nimesimama pembeni ya jukwaa na wenzangu. Nikamtazama mwalimu. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyefiwa. Kisha akainua macho, akanitazama mimi.

Nikanyoosha mkono.

Bibi akaniona, akaacha kupiga. Nadhani alifikiri naumwa. Maikrofoni ilikuwa karibu nami, nikaisogelea kabisa nikasema, kwa Kiswahili changu kizuri cha Jumamosi, “Bibi, siyo hivyo. Unauharibu wimbo.”

Watu wachache walicheka, wakidhani ni mchezo. Mwalimu alikuja akaniwekea mkono kichwani, akasema, “Ahsante, mwanangu.” Bibi alinitazama. Hakukasirika, laiti angekasirika. Akaigeuza ndoo taratibu ikakaa wima, akasema, “Haya, wenye wimbo waimbe.” Akashuka. Mzee alikuwa amesimama na gita lake, hakuelewa kilichosemwa, na mara hiyo hakuna aliyemtafsiria.

Hakuimba tena. Sikwambii kwa kutia chumvi. Jumatano zilizofuata tulifua, tukakunja, tukapanda. Lifti ilikuwa imetengenezwa. Mzee akaniomba mara moja, mara mbili, nimwambie bibi aanze japo mstari mmoja. Bibi akajibu, “Mwambie koo limekauka.” Nikatafsiri. Mara ya tatu hakuomba, akawa anakuja na redio.

Ungedhani niliomba radhi. Mwanzoni sikuomba kwa sababu nilikuwa na uhakika kwamba sikukosea, si nilikuwa hazina? Baadaye nilijua nimekosea, nikaona haya. Kisha muda ukawa mrefu mno, na kila nilipofungua mdomo nilimwona anakunja shuka kimya, nikaufunga. Alifariki nilipokuwa na miaka kumi na sita, mwezi wa pili, ardhi imeganda mpaka kaburi lilichimbwa kwa mashine. Mzee wa Trinidad alisimama mbali kidogo, kofia mkononi. Tulipokuwa tukirudi kwenye magari aliniambia kwamba kwao pia wapo, wanaotaka kalipso ibaki kama ilivyokuwa utotoni mwao. Na walipokuwa watoto, alisema, wazee wao walikuwa wakilia kwamba imeshaharibika. Sikujua kama ananifariji au ananisuta. Majira ya joto alihamia kwa binti yake, na sikumwona tena.

Wimbo wa lifti nadhani ulibebwa na wale wanawake. Waliuimba kwenye harusi zao, harusi hapa, sherehe ya mtoto pale, mpaka wakazeeka, na wadogo wakaupokea bila kujua ulikotoka. Mtu fulani akaupunguza mwendo. Mtu mwingine akaona ghorofa haifai katika wimbo wa zamani. Basi mwezi uliopita nilikaa pale nyuma nikasikia fidla zikiuanzisha polepole kama msiba, na watoto wamekaa wima, mikono mapajani, wakiimba:

Nimepanda, nimepanda, na njia yangu ni moja,
kikapu kichwani kwangu, moyo wanambia ngoja.

Kiongozi wao, kijana aliyefundishwa na mwalimu wetu, alieleza kabla ya kuanza kwamba huu ni wimbo safi, haujaguswa na mkono wa kigeni. Nikautafuta mkono wa mzee wa Trinidad. Nao walikuwa wameutoa wote, hata tak-tak ya kikaushio. Asubuhi ile nilikuwa nimepita kwenye jengo letu. Chumba cha kufulia sasa ni stoo ya baiskeli, imefungwa kwa kufuli. Nilisimama nje kwenye kile kioo, nikainama kuchungulia kama mwizi, nikaona magurudumu tu.

Tukaambiwa sote tuimbe. Watoto wakashuka kupita katikati yetu, kutusaidia wazee. Nikafumba macho, nikaimba nilivyojua, ghorofa kumi na moja, goti lanambia ngoja, na mguu wangu ukaanza kugonga sakafu wenyewe.

Nilipofumbua, binti mmoja alikuwa amesimama mbele yangu. Miaka tisa, labda kumi. Alikuwa amenyoosha mkono juu, na watu wa karibu wamenyamaza wananitazama.

“Auntie, si goti,” akasema, kwa upole kabisa. “Ni moyo. It's a really old song, you can't just change it.”

Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nayo kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini kiongozi alikuwa anamtazama mtoto kutoka jukwaani, akitabasamu, na uso wa mtoto ulikuwa unang'aa. Nikaujua uso ule. Nikasema, “Samahani, mwanangu. Ahsante.”

Wimbo ukaanza upya, nami nikaimba moyo.